Beseni la Mwalimu Tluway

Kazi yangu ni mizani.
Kiwandani, kahawa ikishushwa kwenye lori,
mimi ndiye ninayesoma mshale na kuandika kilo,
na gunia halijawahi kunibishia.
Ndiyo maana nilipomnunulia Aikande raba
nikajinunulia na mimi saa ya kupimia mbio,
nyeusi, ya kamba, pale Memorial,
nikaivaa shingoni kama daktari na mpira wake.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Alikimbia kwa sababu mbwa wa jirani anakimbia,
kwa sababu mtaro wa Pasua unarukika.
Mimi nikamfundisha sekunde.
Tangu hapo, kila akimaliza mzunguko
hatazami alikotoka wala anakokwenda.
Anatazama kifua changu.

Jumamosi ya mashindano mlima haukutoka.
Mawingu yalishuka mpaka kwenye mpunga wa Rau,
na langoni mwa uwanja Mwalimu Tluway,
mama wa Mbulu, magoti yake yanalia akitembea,
ameweka beseni la buluu juu ya kiti.
"Wazazi, saa zenu humu.
Hata midomo ningeikusanya, ila beseni dogo."
Tukacheka. Mzee Kileo akatoa yake.
Mama Ndeshi akatoa filimbi. Filimbi!
Mimi nikasema yangu imenasa kwenye kola.
Akanyoosha mkono, akaitoa mwenyewe,
taratibu, kama mtu anayemng'oa mbwa kupe.

Basi nikasimama uzioni mikono mitupu.
Mita elfu moja mia tano bila namba
ni kitu kirefu sana.
Niliona mambo ambayo sikuwahi kuyaona:
kwamba mwanangu hukimbia amekunja ngumi ya kushoto tu,
kwamba kwenye kona huinamisha shingo
kama bibi yake akipita chini ya migomba,
kwamba midomo yake inacheza.
Anahesabu? Anasali?
Mzunguko wa tatu uvumilivu ukanishinda:
"Kaza! Kaza, Aika!"
na mabega yake yakapanda,
yakapanda kama ya mtu aliyesikia mlango ukigongwa usiku.

Nikaufumba mdomo. Mwalimu hakugeuka,
ila najua alisikia.

Akawa wa tano.

Tukarudi kwa pikipiki, yeye nyuma.
Toka mzunguko wa YMCA nilikuwa na hotuba tayari:
mita mia mbili za mwisho, mikono, pumzi,
yule binti wa Uru aliyempita kwa ndani kirahisi hivyo.
Nikafungua mdomo, vumbi likaingia.
Nikafunga.
Ndipo nikausikia moyo wake mgongoni mwangu,
unapiga, unapiga, unatulia,
kama lori linaloteremka kutoka Kibosho kwa gia ndogo.
Miaka kumi na tisa nasoma mishale,
na huu sikujua niuandike kwenye safu gani.

"Baba," akasema ndani ya helmeti, "ulimwona kunguru?"
"Kunguru gani?"
"Alikuwa anatembea kwenye mstari wa kwanza, hata hatuogopi.
Kila nikipita namwamkia.
Mara ya nne akaitika."

Sikuwa na la kuongeza.
Nyumbani alikula mtori bakuli mbili
akalala na soksi zake.

Jumatatu Mwalimu alinirudishia saa.
Humo besenini kuna kitu kiliibonyeza;
ilikuwa bado inakimbia tangu Jumamosi,
peke yake, bila mtu wa kuishangilia.
Sasa ipo jikoni, mke wangu anachemshia mayai.
Aikande anayapenda kiini kikiwa bado laini.

Sitasema nimepona.
Juzi nilimtuma mkate, nikamwona dirishani
akiruka mtaro, mbwa wa jirani nyuma yake,
na kidole gumba changu, chenyewe tu,
kikabonyeza hewa.